Mkataba uko wapi? Maneno juu ya Kongo, Wachina, Wamarekani na majirani zetu

Hotuba ya mwenzetu mbele ya vijana, Lubumbashi

Ninyi mnaotufuata kwa simu kutoka Goma, Bukavu na Uvira, mahali ambapo siku hizi mkutano wa vijana sawa huu ni hatari, tuko pamoja.

Walinipa dakika 20. Waliniambia: wewe uliyesoma uhusiano wa kimataifa, utueleze Kongo inafanya nini na Wachina, na Wamarekani, na majirani. Nikakubali. Lakini nianze na ukweli. Diploma niko nayo, kazi sina. Toka nimalize masomo, huu ni mwaka wa tatu. Ile diploma mama aliifunga ndani ya plastiki, akaiweka kwa kabati pamoja na karatasi za kiwanja. Mimi ninatumika siku moja moja pale Kasumbalesa, kwa yaya mmoja anayejaza karatasi za duane. Kazi ikiwa mingi, ananiita. Ikikosekana, ninabaki nyumbani.

Ninawaambia hivyo kwa sababu pale Kasumbalesa njo nilisoma uhusiano wa kimataifa mara ya pili. Kwa chuo kikuu walitufundisha ubalozi, mikataba, historia ya mataifa makubwa. Pale mpakani nilikuta foleni ya malori. Kila lori iko na karatasi, na karatasi haidanganyi sana. Lori inayotoka imebeba shaba na kobalti. Lori inayoingia imebeba bunga, sukari, mafuta ya kupika, saruji, sabuni, na hata chokaa na asidi vya kutumika ndani ya viwanda vya migodi yetu wenyewe. Jaza karatasi hizo siku nzima, jioni utakuwa umeelewa biashara ya Kongo na dunia.

Siku moja dereva mmoja wa Tanzania, mzee wa Mbeya, alikuwa amengoja siku nyingi kwa foleni. Akaniuliza, "Kijana, wewe umesomea nini?" Nikamwambia, "Uhusiano wa kimataifa, mzee." Akacheka sana. "Basi uko mahali pake. Hapa ndipo dunia inapopita." Kisha akaangalia shaba iliyo nyuma yake, akasema, "Ila kwenu inapita tu, haikai." Nilirudi nyumbani na neno hilo, na mpaka leo halijanitoka.

Sasa tuingie kwa bishano letu. Toka mwezi wa 12 mwaka 2025, kwa kikundi chetu cha WhatsApp watu hawalali. Wamoja wanasema: Wamarekani wamefika, sasa tutapona, Wachina waende. Wengine wanasema: Wachina angalau walijenga barabara, Wamarekani wanaleta maneno. Wa tatu wanasema: wote ni wezi, tufunge mipaka, madini yabaki chini.

Mimi nilikuwa kwa kambi ya kwanza, sitaficha. Tarehe 27 mwezi wa 6 mwaka 2025, wakati waziri wetu wa mambo ya inchi za kigeni, Thérèse Kayikwamba Wagner, na mwenzake wa Rwanda walitia sahihi kule Washington, niliita majirani waje kuangalia televisheni. Tarehe 4 mwezi wa 12, marais wenyewe wawili, Tshisekedi na Kagame, walikaa pamoja na Trump, wakatia sahihi tena. Siku ile ile, inchi yetu na Marekani wakatia sahihi mkataba mwingine wa ushirikiano juu ya madini. Nikasema, hii sasa ni ya kweli. Siku chache tu kisha, M23 wakaingia Uvira. Mwenzetu mmoja, mama wa mtoto mchanga, alinitumia sauti kwa simu kutoka upande wa Burundi. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu: "Yaya, ile karatasi mliyoshangilia, ilisema nini hasa?"

Sikuwa na jibu. Mimi mwenye diploma, niliyeita majirani, sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja. Hotuba hii ni jibu langu kwa dada yule, na imechelewa.

Nilipoanza kusoma, nilikuta kitu ambacho shuleni tulipita juu yake mbio. Inchi hii ilizaliwa ndani ya karatasi ya biashara. Mwezi wa 4 mwaka 1884, Marekani ilikuwa ya kwanza kutambua bendera ya shirika la Leopold wa Pili hapa Kongo. Mwaka 1885, kule Berlin, mataifa makubwa yaliandika kwamba biashara katika bonde la Kongo itakuwa huru kwa wote, na wenyeji watalindwa. Maneno mazuri. Hakuna Mkongomani aliyekaa kwa ile meza. Na sote tunajua kilichofuata: mpira wa kulazimishwa, vijiji vilivyochomwa, watu waliokatwa mikono. Karatasi ilisema biashara huru, kazi ikawa ya watumwa, kwa sababu hakuna mwenyeji aliyekuwa na nguvu ya kusoma karatasi ile na kuuliza.

Mara ya pili ni mwaka 1960. Watu wanakumbuka Meza ya Duara ya siasa, ile iliyotupatia tarehe ya uhuru. Wachache wanakumbuka kwamba kulikuwa ya pili, ya uchumi, kule Bruxelles, mwezi wa 4 na wa 5. Wakubwa wetu wengi walikuwa kwa kampeni ya uchaguzi. Wakatuma vijana, wengine wanafunzi, wakakae mbele ya wakubwa wa benki na makampuni ya Ubelgiji waliokuwa na miaka mingi ya ujuzi. Kisha, siku chache mbele ya uhuru, Ubelgiji ikavunja lile shirika lililoitwa Comité Spécial du Katanga, ambalo kwa njia yake Kongo huru ingekuwa na sauti kubwa ndani ya Union Minière. Tarehe 30 mwezi wa 6 tulicheza. Bendera tulipewa, lakini sehemu ya ufunguo wa nyumba ilikuwa imekwisha kubadilishwa.

Sisemi hayo ili tulie juu ya wakoloni. Wakoloni walifanya kazi yao. Ninasema ili tuone ugonjwa wetu wa zamani: tunajali sana siku ya sahihi, hatujali kile kilichoandikwa.

Tuje kwa Wachina. Mwaka 2008 serikali yetu ilifunga na makampuni ya China mkataba unaoitwa Sicomines. Ulikuwa mpango wa kubadilishana: wao wajenge barabara, hospitali, masomo, sisi tuwape shaba na kobalti. Mwanzoni walitaja dola bilioni 9. Mwaka 2009, kisha Shirika la Feza la Kimataifa kulalamika juu ya deni, ikashuka karibu bilioni 6: nusu ya kujenga, nusu ya mgodi. Ndani ya kampuni, upande wa China 68%, upande wa Kongo 32%. Na kodi wakasamehewa.

Mwaka 2023, Inspection Générale des Finances, wale wakaguzi wa feza za serikali, walitoa ripoti. Wakasema kisha miaka karibu 15, kazi za ujenzi zilizolipwa ni dola milioni 822 tu, na kati ya bilioni 3 zilizoahidiwa. Ubalozi wa China ulikataa ripoti ile. Wakazungumza upya, na mwezi wa 3 mwaka 2024 wakatia sahihi mpya: feza za ujenzi zipande mpaka bilioni 7, Kongo ipate 1,2% ya mauzo kila mwaka. Lakini hisa zilibaki vile vile, 68 kwa 32. Na ile feza ya kila mwaka ya barabara, milioni 324 mpaka 2040, iko na sharti: bei ya shaba isishuke chini ya dola 8.000 kwa tani. Kwa maneno mengine, barabara ya Kasai ao ya Lomami inategemea bei inayopangwa sokoni kule London na Shanghai. Nani kati yetu alijua sharti hilo? Nilipolisoma, nilisoma mara tatu.

Na tuwe wa haki. Wachina hawakuja na bunduki. Walijenga bwawa la umeme la Busanga, megawati 240, kwenye mto Lualaba. Ni kitu cha kuonekana. Lakini sehemu kubwa ya umeme ule ilipangiwa mgodi wao, na mitaa yetu inaendelea kulala giza. Kosa ni la nani? Mchina alikuja kutafuta faida yake, hakuficha. Alizungumza na Wakongomani waliovaa suti na kukaa upande wetu wa meza. Hao ndio walipashwa kusema: sehemu hii ya umeme ni ya raia, tuiandike.

Na yule anayefikiri mwizi ni Mchina peke yake, nimukumbushe Glencore. Ni kampuni ya Uswisi. Mwaka 2022 ilikubali mbele ya korti za Marekani na Uingereza makosa ya rushwa katika inchi kadhaa za Afrika, na yetu ndani. Mwezi wa 12 wa mwaka ule ikalipa serikali ya Kongo dola milioni 180 ili mambo yaishe. Hapo jiulize: milioni 180 zile ziliingia wapi, na ni shule gani ilijengwa nazo? Na jiulize tena: mtoaji rushwa amejulikana, wapokeaji wako wapi?

Mgodi wa Tenke Fungurume ulikuwa mikononi mwa Wamarekani, Freeport-McMoRan. Mwaka 2016 wao wenyewe waliuuzisha kwa Wachina wa CMOC, dola bilioni 2,65. Leo wanatuambia China imekamata kobalti yote. Nani aliwauzishia? Hiyo ni biashara, hakuna mapenzi ndani yake. Mnunuzi anakwenda, mnunuzi anakuja. Shimo linabaki kwetu.

Sasa Wamarekani. Ule mkataba wa tarehe 4 mwezi wa 12 unasema kati ya mambo mengine kwamba serikali yetu itatengeneza orodha ya migodi na maeneo ya madini, na kwa orodha hiyo wawekezaji wa Marekani watapata nafasi ya kwanza ya kutoa ofa. Na kuna reli ya Lobito, kutoka Kolwezi mpaka bahari ya Atlantiki kule Angola. Upande wa Angola peke yake ni kilometa zaidi ya 1.300. Mwaka 2022 Trafigura, Mota-Engil na Vecturis walipata kuisimamia kwa miaka 30, na Marekani iliahidi mkopo wa dola milioni 553.

Reli ni kitu kizuri. Mimi ninayeona malori ya Kasumbalesa, na madereva wanaolala chini ya gari, siwezi kuchukia reli. Lakini tukumbuke, reli ile Wazungu waliimaliza karibu na mwaka 1930, na kazi yake ilikuwa kupeleka shaba ya Katanga baharini. Ikiwa kisha miaka karibu 100 tunatengeneza tena reli ile ile, kwa kazi ile ile, tuulize: itarudi na nini? Je, itabeba mahindi ya mkulima wa Dilolo? Mwanafunzi wa Kasaji atapanda? Ao itapita tu, sawa alivyosema mzee wa Mbeya?

Na usalama? Wenzetu wengi waliunga mkono mkataba juu ya hilo: tuwape madini, watatulinda. Ninaelewa. Mtu ambaye nyumba yake inawaka hachagui maji. Lakini Goma ilianguka mwezi wa 1 mwaka 2025, Bukavu mwezi wa 2, na Uvira ikaanguka kisha sahihi kuwekwa. Coltan ya Rubaya iko mikononi mwa M23 toka 2024. Umoja wa Ulaya ulifunga makubaliano ya madini na Kongo mwaka 2023, na miezi michache tu kisha, mwezi wa 2 mwaka 2024, ukafunga mengine na Rwanda. Kila mshirika anatupenda sisi, na anampenda pia yule anayetupiga. Njo ubalozi ulivyo, tusishangae. Tunachotaka ni kuona kwa maandishi: asipotulinda, anapoteza nini? Mkataba usio na jibu kwa swali hilo ni barua ya mapenzi tu.

Kuna mtu atasema: wewe unalaumu tu, hakuna kizuri? Kipo, na nataka tukiangalie vizuri, kwa sababu kinaonyesha nguvu tuliyo nayo. Kobalti. Kongo inatoa zaidi ya 70% ya kobalti ya dunia. Mwanzo wa 2025 bei ilikuwa imeanguka vibaya, juu ya kobalti mingi kupita kiasi sokoni. Mwezi wa 2 serikali ikasema: hakuna kutoa tena. Wengi walicheka. Miezi minne, kisha mitatu ingine. Toka tarehe 16 mwezi wa 10 wakaweka kipimo: tani 18.125 kwa mwisho wa mwaka ule, kisha tani 96.600 kwa mwaka, 2026 na 2027. Bei ilipanda zaidi ya mara mbili. Hakuna aliyetupiga bomu. Wachina hawakufunga ubalozi. Viwanda vya dunia vilihesabu upya, basi. Kumbe inchi hii ikisema neno moja na kulisimamia, dunia inasikia.

Lakini hata hapo kuna swali. Binamu yangu anachimba kwa mikono, upande wa Kolwezi. Wakati wa kufunga, mnunuzi wake aliondoka, na yeye hakuambiwa kitu na mtu. Watoto walikula mara moja kwa siku. Nilipomweleza kwamba bei imepanda, aliniuliza, "Imepandia kwa nani?" Kwa hiyo tusifu uamuzi, na tudai hesabu. Kobalti ni madini yenye cheo cha pekee, kwa kodi ya migodi ya 2018 inalipa redevance ya 10%. Shaba inalipa 3,5%. Na sheria inagawanya redevance ile wazi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa komini ao sektere ambako mgodi uko, 10% kwa mfuko wa vizazi vya kesho. Vizazi vya kesho ni sisi, kamarade. Ni sisi tuliozaliwa. Mfuko wetu uko na kiasi gani leo?

Nimalizie na majirani, kwa sababu tunapenda kutazama Washington na Beijing, tunasahau nani anatulisha. Mwaka 2024, serikali yetu ilikataza bia na vinywaji vya sukari kutoka Zambia. Ilikuwa kulinda viwanda vya hapa, nia si mbaya. Zambia ikafunga mpaka. Kasumbalesa, Mokambo, Sakania, zote. Ilikuwa siku chache tu. Lakini mama yangu anauzisha bunga sokoni, na bunga ya hapa Lubumbashi inategemea sana mahindi ya Zambia. Siku ya pili wateja walikuja mbio, siku ya tatu hakuwa na mufuko hata mumoja. Akaniambia, "Mutoto yangu, hii inchi yenye kobalti ya dunia yote, watu wa ngambo wakifunga kibariera tunalala njaa?" Mama hakusoma ubalozi. Lakini aliona kitu ambacho wakubwa walisahau kuhesabu mbele ya kutia sahihi: inchi isiyolima haina sauti ya kugomba na jirani yake.

Mwaka 2022 tuliingia pia kwa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Rais alitia sahihi Nairobi tarehe 8 mwezi wa 4. Walituambia ni soko la mamilioni ya watu. Ni kweli. Wakenya walilielewa mbele yetu: Equity ilikuwa imekwisha kununua BCDC mwaka 2020, na KCB ikanunua TMB, benki yenye makao hapa kwetu Lubumbashi, mwaka ule ule wa 2022. Siwalaumu, walijipanga. Sisi tumepeleka nini Nairobi, Dar es Salaam, Kampala? Mgodi wa Kamoa-Kakula umejenga kiwanda cha kuyeyusha shaba cha tani 500.000 kwa mwaka. Ni hatua. Lakini waya ya umeme iliyo ndani ya nyumba yako, ya shaba, uliiona imeandikwa "Imetengenezwa Kongo"? Mwaka 2024 inchi hii ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, na fundi wa umeme wa Kenya ya hapa Lubumbashi ananunua waya kutoka ngambo. Ile waya, mimi niliijazia karatasi yake ya duane kwa mkono wangu.

Basi tufanye nini? Kwa wale wa kambi ya kwanza na ya pili, ombi langu: tuache kuchagua mgeni. Mgeni yeyote atakayekuta nyumba haina mwenye kuhesabu vijiko, ataondoka na vijiko. Na kwa wa kambi ya tatu: kufunga mipaka hatuwezi, mama yangu ameonyesha. Tutafanya biashara na wote, na tuseme nao wote macho kwa macho. Kwa hilo sheria zetu zinatosha kuanzia. Sikilizeni.

Katiba, mutali wa 214: mikataba ya amani, mikataba ya biashara, na ile inayogusa feza za serikali, haipitishwi bila sheria, maana yake bila wadepite na masenatere. Mutali wa 56: mapatano yoyote yanayoondolea taifa njia zake za kuishi kutoka kwa mali yake ya asili ni kosa la uporaji. Amri ya tarehe 20 mwezi wa 5 mwaka 2011: kila mkataba wa mali ya asili utangazwe ndani ya siku 60. Sheria ya mwaka 2017 juu ya kazi za msaada kwa makampuni makubwa: kazi hizo ni za makampuni ambayo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongomani. Hakuna haja ya kungoja sheria mpya.

Nilijaribu mwenyewe. Nilikwenda kwa ofisi moja kuomba nakala ya viambatisho vya mkataba mmoja wa mgodi. Bwana wa pale aliniuliza, "Wewe ni wa nani? Nani amekutuma?" Nikasema ni raia. Akasema, "Raia hana kazi hapa." Nilitoka na haya, nawaambia kweli. Nilisikia sawa vile nimeomba kitu cha wizi. Njiani nikakumbuka: yeye njo aliyekalia kitu changu.

Kwa hiyo ninaleta mambo manne, tuyajadili kisha tuyapitishe.

Kwanza, tudai kwa barua, komini kwa komini, mkataba wa tarehe 4 mwezi wa 12, ule wa Sicomines wa 2024, pamoja na viambatisho vyote na ile orodha ya migodi. Viambatisho! Hapo njo wanaficha masharti. Na vielezwe kwa Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo, kwa sababu mama yangu pia ni mwenye inchi.

Pili, kila mdepite wa Haut-Katanga na Lualaba tumuulize mbele ya watu: umesoma? Ulipiga kura namna gani? Akisema hajasoma, tumpe nakala na wiki mbili, kisha tumuite tena.

Tatu, tufuate ile 15%. Kila komini yenye mgodi itubandikie mlangoni: tumepokea kiasi gani, tumefanya nini. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu burgumesta hakai Washington, anakaa mtaa wetu.

Ine, na hii ni kwa sisi wenye diploma tusio na kazi. Tuko wengi hapa: wa sheria, wa uchumi, wa jiolojia, wa hesabu. Serikali haina kazi ya kutupa. Sawa. Lakini tuko na saa. Mikataba mingi tayari iko wazi kwa intaneti, ITIE ya Kongo imekwisha kuiweka, na hatuisomi. Tufanye kikundi cha kusoma, kila Jumamosi, mkataba mmoja. Mwanasheria asome masharti, mchumi ahesabu, mwengine aandike kwa lugha ya soko. Mwaka 1960 walituma wanafunzi kwa meza ya uchumi bila kuwatayarisha. Siku wakituita sisi, watukute tumejitayarisha. Na wasipotuita, tutafika wenyewe na makaratasi kwa mkono.

Najua wamoja watasema hii ni kazi ndogo, haitafukuza M23, haitaleta kazi kesho. Ni kweli. Sitawadanganya. Mimi Jumatatu nitarudi Kasumbalesa, kama yaya ananiita. Nitajaza karatasi za shaba inayotoka na bunga inayoingia. Lakini yule dada wa Uvira bado anangoja jibu langu. Nimemuandikia jana usiku, nimeanza kumueleza karatasi ile, kifungu kwa kifungu. Alijibu, "Endelea, tuko wengi hapa tunasoma." Wako ndani ya kambi, ngambo ya mpaka, wanasoma mkataba wa inchi yao kwa simu moja ya kupokezana chaji.

Kama wao wanaweza, sisi hapa tunangoja nini?

Jumamosi ijayo, saa 3 asubuhi, hapa hapa. Kila mtu alete daftari.